Kinyago chenye Midomo Miwili

Tangu Mwalimu Kajuju aanze kufundisha watoto tamaduni za dunia kwa nyimbo na michoro, Igoki hakumwamini hata kidogo. Mjukuu wake Kivuti alirudi nyumbani mtaa wa Majimbo akicheza kama Mhindi, na Igoki akavumilia. Lakini siku alipokuta mkobani mwa mtoto kinyago cha karatasi chenye mdomo wa pili kisogoni, mama huyo wa kanisa alikikunja ndani ya leso, asikiguse kwa mkono, akaenda nacho mbio hadi shuleni.

"Hili shetani ni la nchi gani, Mwalimu? Mnafundisha watoto wetu kuabudu nini?"

"Nchi za wengine tulimaliza, Cucu," Kajuju akamjibu bibi huyo. "Jana kila mtoto alitengeneza kitu cha kwao."

"Kwetu hakuna uchafu kama huu."

"Kivuti alisema ni irimu, lile zimwi linalokula nzi kwa kisogo. Alisema wewe humsimulia akikataa kulala."

Igoki alikifunua kinyago polepole, akakigeuza, akakikagua kwa jicho kali.

"Huyu mtoto hasikii," akasema. "Meno ya nyuma nilimwambia ni meusi."