Waziri Atakaa na Nani

Mwaka ambao simu za mkononi zilianza kushika mtandao Tunduma, nyumba yetu kijijini Mpemba, nje kidogo ya mji, ilipigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Ilikuwa kando ya barabara kuu, nayo barabara ilitakiwa kupanuliwa. Mama alikuwa mjane. Alipika wali na maharage, akawauzia madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia.

Majirani waliopigwa alama kama sisi walikaa kusubiri tamko. Mama aliposikia kwamba waziri wa barabara anakuja, alifunga kibanda akanichukua twende Vwawa, kwenye ofisi za serikali. Alisema mimi ndiye nitakayeongea, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa na Kinyiha kingi. Tulipofika hakunipa nafasi.

Tulipokelewa na afisa mmoja wa makamo. Alimwamkia mama, akampa kiti.

"Mwanangu," mama alimwambia, "nimekuja kuuliza waziri atakuwa wapi Alhamisi, na atakaa na nani."

"Mama, ratiba ya kiongozi hatuitoi. Ni mambo ya usalama."

"Sikuulizi atalala wapi wala atakula nini. Nauliza atamsikiliza nani."

Afisa alifungua faili, akasoma, akatueleza kwa sauti ya chini: waziri angekagua mpaka, angekutana na wenye malori na mawakala wa forodha, angepata chakula cha mchana, angeondoka.

"Na sisi wa Mpemba?"

"Hamkuwekwa, mama."

"Basi atatupita mlangoni, kwenda na kurudi."

Hakusema kwa hasira. Nadhani ndiyo maana yule afisa alishindwa kutuambia twende zetu. Aliingia chumba cha pili, tukamsikia akiongea na simu, akibembeleza. Aliporudi alikuwa anajifuta jasho.

"Watasimama Mpemba kidogo wakielekea mpakani," alisema. "Msije na mabango. Chagueni mmoja wa kuongea."

Majirani walimchagua mama. Alhamisi alivaa kitenge chake cha kanisani, na waziri aliposhuka garini, mama alimwambia kwamba hatupingi barabara. Ila mahindi bado mabichi nyuma ya nyumba, na hatujapata pa kwenda. Waziri aliuliza yatakomaa lini. Hakuahidi makubwa. Aliwageukia watu wake akasema tuachwe tuvune kwanza.

Tulivuna, kisha nyumba zikabomolewa. Mabati yalipokuwa yakishushwa nililia. Mama alikuwa akiwaelekeza mafundi wasiyapinde. Tulihamia ndani, mbali na barabara, na madereva wengi hawakutufuata huko. Siku moja nilimuuliza kama safari ya Vwawa ilikuwa na faida.

"Waziri alijua anavunja nyumba ya nani," alinijibu, akaendelea kuchambua maharage.

Yule afisa alihamishwa baadaye. Kabla hajaondoka alikuwa ameanza kubandika ratiba za ziara za viongozi kwenye ubao wa nje, akiacha tu yale ya usalama. Nilipita pale siku moja nikawakuta watu wamesimama wakisoma, wengine hawana shida yoyote na kiongozi aliyekuwa anakuja. Walisoma mpaka mwisho, wakaendelea na safari zao.