Waliinuka kwenye sinia kwa sababu ya mgeni wangu, mimi nikabaki nimekaa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za watu humu kimyakimya, leo ndiyo mara ya kwanza nafungua wangu. Sababu ni kwamba kuna maneno yanazungushwa mjini, eti nimeharibu harusi ya watu. Basi nayasema mwenyewe yalivyokuwa. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu, na sifuti hata mstari mmoja.

Mimi ni binti wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Nasoma chuo Eldoret, nimemaliza mwaka wa pili juzi tu.

Tangu sekondari tulikuwa wanne: mimi, Nasra, Rukia na Swafiya. Ukimwona mmoja ujue watatu wako nyuma wanakuja.

Kwa wasiojua mambo yetu: kwenye shughuli za wanawake chakula huletwa kwenye sinia. Watu wanne mnalizunguka mkekani, kila mtu anakula upande wake. Sisi wanne sinia letu lilikuwa moja miaka yote, harusi hii na ile, mpaka mashangazi wakawa hawatuulizi tena tunakaa wapi.

Lingine mlijue mapema. Kuinuka kwenye sinia kabla hujatia tonge mdomoni ni kumwambia uliyemwacha kwamba huwezi kula naye. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na hulisemi kwa mdomo.

Sasa chuoni nikapata rafiki mwingine. Mejumaa, Mdigo wa Msambweni, kanizidi miaka minne. Muhula wa kwanza nilishikwa na taifodi nikalala wiki mbili nzima. Nilipoinuka nikakuta Mejumaa kaninakilia masomo yote kwa mkono, daftari zima. Hakuna aliyemwomba. Tangu siku hiyo ni dada yangu.

Aliwahi kuniambia kwamba kabla ya chuo alifanya kazi Mombasa. Mimi sikuuliza kazi gani. Hilo kosa ni langu, na mtaona.

Likizo hii ndefu tukapanga. Tushuke Mombasa pamoja, akae kwetu wiki moja, tuwazungukie marafiki zangu, tule harusi ya Nasra siku ya Ijumaa, halafu tuvuke Feri sote twende kwao. Nilikuwa na hamu! Nilitaka wale watatu wamwone.

Tulianza na Rukia, anayekaa Tudor.

Ndani ya tuktuk nikashangaa Mejumaa anamwambia dereva akate kushoto kabla mimi sijasema. Nikadhani kabahatisha. Tulipofika getini akasimama, akatengeneza mtandio wake, akavuta pumzi.

Rukia akafungua. Akamtazama yeye kabla yangu.

"Mejumaa? Nani kakwita? Mama hajasema kama yuatafuta mtu wa kazi."

Mejumaa akamjibu kwa upole, "Nimekuja na rafiki yangu. Hujambo Rukia?"

Rukia akacheka, akanitazama akingoja nami nicheke.

Wakuu, nilisimama pale na keki yangu mkononi kama mtu aliyekosea nyumba. Tukaingia. Ikaletwa sharubati ya ukwaju, gilasi mbili. Sisi tulikuwa watatu, na Rukia yake tayari alikuwa nayo mkononi... hapana, ngoja niseme sawa, maana nataka haki: gilasi mbili zililetwa, moja akachukua Rukia, moja akanipa mimi. Nikampa Mejumaa yangu. Akasema hana kiu. Na jua lile la saa saba!

Hatukukaa nusu saa.

Tukarudi kwa miguu mpaka barabara kubwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kwa kina Rukia ndiko alikofanya kazi.

"Ningekwambia, ungefanya nini?"

Kisha akaongeza neno ambalo mpaka leo linanichoma.

"Mimi nilikutambua tangu siku ya kwanza chuoni. Ulikuwa waja pale kila Jumamosi. Wewe huli kitunguu. Sahani yako nilikuwa naipakua mbali."

Wakuu, ile sahani naikumbuka! Ilikuwa inafunikwa kawa peke yake, haina kitunguu hata kipande. Nilikuwa najisifia nyumbani kwamba mamake Rukia ananipenda kama mwanawe. Aliyeipakua nilimpita jikoni kila wiki mwaka mzima, na uso wake siukumbuki. Najaribu mpaka sasa, siukumbuki. Na huyu mtu amekaa nami miaka miwili chuoni, amenijua, na hakunisuta hata siku moja.

Niliona aibu. Hasira ikafuata nyuma yake, na ya kwanza ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jioni ile ile grupu letu sisi wanne kwenye simu likawaka. Rukia akaandika: "Ijumaa uje peke yako. Mwataka nikae sinia moja na mtu aliyekuwa akinifulia?"

Swafiya, aliyeolewa akahamia Kizingo na siku hizi hata dukani haendi bila gari, akaandika: "Si ubaya, shoga, lakini watu watasemaje?"

Nikaandika: "Nakuja na mgeni wangu." Nikazima simu.

Mama yangu naye, Mungu ampe umri, akanivuta chumbani. "Si umwache hapa nami? Siku moja tu. Nitampikia mwenyewe." Alisema kwa nia njema kabisa. Hiyo nia njema ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nikatoka nikamkuta Mejumaa anafunga begi.

"Nitavuka leo," akasema. "Rafiki yako yuaolewa mara moja. Usije ukanikumbuka kwa ubaya."

Nikamwambia ukivuka leo tunavuka sote, na harusi siendi. Chagua. Akanitazama sana. Kisha akafungua begi, akatoa dera lake la kijani, akauliza kama tuna pasi.

Nikamtumia Nasra ujumbe, maana harusi ni yake na sikutaka kumvizia. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mgeni wako ni mgeni wangu. Ila siwezi kupigana na mtu saa hizi, nna hina mikono yote miwili."

Sawa. Mikono yangu haikuwa na hina.

Ijumaa baada ya sala, nyumba ya kina Nasra imejaa pomoni. Wanawake ukumbi mzima, udi umefuka, watu wamekaa makundi makundi mikekani. Bibi harusi yuko juu anapambwa, analishwa huko huko. Kwa hiyo mahali pake kwenye sinia letu palikuwa wazi. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Siwadanganyi, niliogopa. Wale ni watu walionijua tangu nina meno ya utoto.

Rukia na Swafiya walikuwa wameshakaa. Tukasalimiana kwa mikono. Nikakaa, nikamwonyesha Mejumaa mahali pa Nasra. Naye akakaa.

Mishi, mmoja wa kina mama waliokuwa wakipakua, akaja na sinia, akalitua katikati yetu. Biriani ya mbuzi, na viazi vyake vyekundu juu. Bismillahi.

Rukia akainuka.

"Nimeshiba," akasema. Hakuwa ameonja punje.

Swafiya akatazama nyama, akamtazama Rukia, akainuka pia. Alikuwa hata hajui aweke wapi mikono. Akasema samahani, lakini sijui alimwambia nani.

Masinia ya jirani yakanyamaza. Mejumaa akateremsha macho, nikaona anakusanya dera lake ainuke. Nikamshika goti.

Nikasema kwa sauti ya kusikika: "Sinia hili lina nafasi mbili. Mwenye njaa na aje."

Hakuna aliyejongea. Nilihesabu viazi, wakuu. Nilitazama vile viazi kama vina maandishi.

Kisha Mishi, aliyekuwa bado kasimama na birika la kunawia, akaliweka chini. Akajifuta mikono kwenye leso yake.

"Mimi tangu alfajiri sijala," akasema, akakaa mahali pa Rukia.

Upande wa pili nikasikia mtu anagumia kuinuka. Bi Zulekha, Mhindi mwenye duka la vitambaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mwanamke mzito yule, magoti yanamsumbua, na kuketi chini kwake ni safari. Akaja taratibu, akamshika Mejumaa bega ili apate kujiteremsha.

"Sukuma kidogo, mwanangu. Kule kwetu nyama imekwisha, hapa naona iko tele."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Tukala. Wallahi tulikula, hata mimi, vitunguu nikivisukuma pembeni. Bi Zulekha hakuacha hata mfupa, na Mishi akamuuliza Mejumaa anasomea nini, akaambiwa ualimu wa hesabu, akasema ana binti anayelia kila akiona hesabu. Mpaka tunanawa, wameshapeana namba za simu.

Nilikuwa natafuna na machozi yananitoka. Nikasema ni pilipili. Biriani ile haikuwa na pilipili.

Mamake Rukia alinikamata mlangoni nikitoka. "Umemtia mwanangu aibu mbele za watu."

Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama, mwanao aliinuka mwenyewe."

Basi hiyo ndiyo harusi niliyoiharibu.

Rukia kanitoa kwenye grupu. Nasra, fungate lake likiendelea, kaniandikia neno moja: "Nilisikia." Sijui ni la kunilaumu au kunisifu, nitamuuliza nikimwona. Swafiya alinitumia ujumbe pembeni, eti aliinuka kabla hajafikiri. Sijaujibu. Huenda nitaujibu, lakini kwanza nataka amalize kufikiri.

Mama yangu alininunia siku mbili. Siku ya tatu alfajiri nikamkuta anachoma mahamri. Akayafunga kwenye kikapu, akamkabidhi Mejumaa mkononi, akasema ni ya mama yake.

Tukavuka Feri siku hiyo hiyo, kikapu katikati yetu na korosho za kutafuna njiani.

Sasa sikilizeni hili, ndilo hasa lililonifanya niandike.

Tumefika kwao Msambweni, mama yake ametoka nje, amemkumbatia binti yake, amepokea kikapu. Kisha akanigeukia, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akatabasamu.

"Huyu ndiye yule asiyekula kitunguu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Miaka mitatu yule mama ananijua. Nyumba nisiyojua kama ipo duniani ilikuwa inajua chakula changu, na mimi nimekula mapishi ya mkono wa binti yake mwaka mzima bila kumuuliza jina.

Nilikaa pale siku tisa. Sahani yangu ilipakuliwa mbali, na mara hii nilimtazama usoni anayepakua. Mimi nikaosha vyombo.

Nilichojifunza ni hiki: sikumtetea Mejumaa kwa wema wangu. Nilikuwa nimechelewa, nikakimbia kuwahi. Na kama kuwahi kwenyewe kumenigharimu marafiki wa tangu sekondari, basi na wainuke wote. Mimi nitakuwa bado nimekaa.

Haya, uwanja ni wenu wadau. Mnipongeze, mnipige mawe, yote nitasoma. Ila wewe unayetaka kuandika kwamba ningemwacha nyumbani siku moja tu, kabla hujaandika, anza kwa kutaja jina la anayekupikia.