Siku Baba Mkwe Aliposimama Kitabuni

Jamani, aibu niliyoipata kanisani nikiikumbuka hadi leo nashika uso, lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko wale wa sokoni waliotia chumvi.

Wifi yangu Neema, dada wa mume wangu, alikaa miezi minane na wembe, gundi na karatasi za manila akitengeneza kitabu cha mtaa wetu hapa Kyela mjini, vile vitabu ambavyo ukifunua ukurasa picha zinainuka na kusimama. Kilikuwa kimoja tu. Jumapili hiyo mwalimu mkuu angekitazama baada ya ibada ya pili, akikipenda basi Neema angeitwa shuleni kufundisha kazi hiyo, nami nikaombwa nikifunue mbele ya watu (sauti ninayo, hilo hata wasionipenda wanakubali).

"Wifi, kipitie kwanza," Neema akanisihi.

"Niache, nataka nishangae pamoja na wenzangu."

Nikafunua. Soko likainuka, mikungu ya ndizi midogo kama kucha! Nikafunua tena, likasimama kanisa letu lenyewe, kengele inaning'inia kwa uzi, nikipumua inacheza. Machozi yakanilenga, maana mtaa huu napita kila siku na sikuwahi kujua kama ni mzuri kiasi hicho.

Ukurasa wa tatu, mashine ya kukobolea mpunga, na mbele yake akasimama baba mkwe wangu, kofia yake, fimbo yake, ananitazama.

Sasa, kwetu Wanyakyusa mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe (wengi wameacha, familia yetu bado). Miaka tisa namkwepa mzee yule, nikisikia tu kikohozi chake najitosa kwenye migomba. Mwili haukungoja kuuliza kama ni karatasi: nikajitupia kitenge kichwani, nikaporomoka nyuma ya meza na kitabu chenyewe, nikakikalia.

Kanisa zima likaangua kicheko. "Wifi, umekikalia!" Neema akalia, na kweli alikuwa analia. Nataka kuinuka, nikasikia kikohozi. Mzee, ambaye husali ibada ya kwanza, alikuja kimya kimya kuona kazi ya binti yake!

Nikaganda pale chini. Kisha fimbo ikagonga sakafu, taratibu, kuelekea mlangoni.

"Mwambieni mkamwana ainuke," akasema. "Mimi natoka nje. Ndaga, Neema, asante mwanangu."

Kicheko kikakatika. Nikainuka, na mwalimu mkuu akakiokota kitabu, akakifunua: mashine imelala chali, mzee wa karatasi bado kasimama wima. "Jumatatu uje shuleni, binti," akamwambia Neema.

Mimi nimeapa, sifunui tena kitabu cha wifi bila kuchungulia. Ule ukurasa ameshautengeneza upya: ukifunua, mzee anainuka, na mwanamke mdogo mwenye kitenge kichwani anazama nyuma ya magunia ya mpunga. Nimeufunua mara nyingi, na kila mara najikuta nainama naye.