Daktari wa Katubuka aliyekaa na njaa akimsubiri kunguru ale kwanza

Wakuu wa jukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimesoma humu nyuzi nyingi za kunguru wa kichawi, na karibu zote huanza na "jamaa yangu aliniambia". Kabla sijaanza wangu, naomba nitenganishe mafungu mawili.

Niliyoyaona kwa macho: bustani ya Daktari, ukuta wake, kunguru wake, na kikao cha Ujiji.

Niliyoyasikia: habari zote za kusini mwa India. Huko sijafika. Nikisema ndege fulani yuko kule, mjue nasema kwa kinywa cha Daktari.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, boti zikishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa na wengine wakiingia kwa miguu kutoka Burundi. Mimi nilikuwa mwalimu wa baiolojia, nikiishi Katubuka, mtaa usio mbali na Ujiji. Nyumba iliyopakana na yangu ilipangishwa kwa daktari aliyetoka kusini kabisa mwa India, aliyeletwa kutibu wakimbizi.

Jumamosi yake ya kwanza nilimwona saa saba mchana amesimama uani na sahani ya wali, akiita angani, "Kaa! Kaa!"

Saa tisa na nusu alikuwa bado amesimama.

"Daktari, umepotelewa na nini?"

"Kunguru," alijibu. Kiswahili chake alikuwa amekisomea, hakikuwa na kosa. "Kwetu, kunguru akiwa hajala, mwenye nyumba hali."

"Na asipokuja?"

"Ndiyo haya unayoyaona, Mwalimu."

Nilimweleza kwamba kunguru wetu, huyu mwenye kifua cheupe, hamwamini mtu anayemkodolea macho. Weka tonge juu ya ukuta, uingie ndani, ukae mbali na dirisha.

Alifanya hivyo. Baada ya dakika kumi na moja, kwa saa yangu, kunguru alitua, akakagua, akala. Daktari naye alikula kwa kasi ambayo sikuitarajia kwa mtu wa elimu ile.

Tangu siku hiyo tulizungumza ndege. Aliniambia kwao kuna chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, wa rangi ya zambarau, mdiria, jamii ya wale wavua samaki, wanaokaa mbali na maji, ndege wa kijani mwenye mlio kama fundi anayegonga shaba, na tausi wanaozurura mashambani kama kuku wasio na mwenyewe. Nayapokea, siyathibitishi.

Ninayoyathibitisha ni haya. Aliweka sahani pana ya udongo yenye maji yasiyozidi kina cha kidole, na jiwe katikati ili ndege wadogo wapate pa kusimama. Maji aliyabadilisha kila asubuhi, kwa sababu ya mbu. Alipanda maua mekundu ya haibiskasi kwa ajili ya chozi. Mapapai ya juu kabisa aliyaacha yaivie mtini. Majani yenye mbegu alikataza yasifyekwe, jambo ambalo mfyekaji alilichukulia kama kufukuzwa kazi.

Katika miezi miwili daftari langu lilipanda kutoka aina sita za ndege hadi kumi na tisa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini wali wapewe kunguru peke yao.

"Baba yangu alifariki nikiwa masomoni," alisema. "Sikumzika. Kwetu kunguru ndiye anayepokea kwa niaba ya waliotangulia."

Hapa ndipo nilipokosea, wakuu.

Maneno hayo niliyapeleka kwa Kassim, fundi cherehani, nilipokuwa nasubiri suruali ipunguzwe. Niliyasema neno kwa neno. Niliamini kwamba habari iliyonukuliwa sawasawa haiwezi kumdhuru mtu.

Baada ya wiki moja ilinirudia: Daktari anafuga mizimu, na kunguru wale ni wagonjwa waliomfia mikononi.

Liliongezeka jingine, na hili nililiona mwenyewe, ingawa nalo lilisimuliwa hadi Ujiji. Wanawake wa Kirundi walikuwa wakipita pale kwenda kuteka maji. Mmoja alisimama, akalitazama tonge lile ukutani, akabadilisha dumu mkono, akaendelea na safari.

Mwenye nyumba, Mzee Hamisi wa Ujiji, alituma ujumbe: Daktari ahame kabla mwezi haujaisha. Nyumba nyingine mjini haikuwapo. Zote zilikuwa zimechukuliwa na mashirika. Daktari aliniambia kwamba akikosa pa kulala ataomba kurudishwa kwao.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda naye Ujiji. Barazani tulimkuta Mzee Hamisi, Kassim, na mama yake Mzee Hamisi, Bi Zuhura, akichagua mchele kwenye ungo. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Mwalimu," alianza Mzee Hamisi, "wewe ndiye usiyependa maneno ya mitaani. Nani alisema huyu bwana analisha wafu?"

Kassim aliinamisha kichwa.

"Mimi," nilisema.

"Wewe!"

"Mimi. Ya baba yake ni kweli. Ya wagonjwa kugeuka kunguru simo, hayo yaliota njiani."

"Lakini kitambaa kilitoka kwako," alisema Kassim. "Mimi nilitia pindo tu."

Bi Zuhura alipepeta mara moja.

"Hamisi, hitima ya baba yako tuliisoma lini?"

"Mwezi uliopita, mama."

"Wali wake alikula nani?"

"Watu, mama."

"Marehemu alipata punje?"

"Mama, ile ni thawabu..."

"Basi na mwenzio anatafuta ya baba yake, kwa njia ya kwao. Mimi kunguru hawanisumbui. Kinachonisumbua ni kuwapa mbele ya mwenye njaa. Daktari, kwenu mgeni akisimama mlangoni hajala, kunguru anatangulia?"



"Hapana, Mama. Mgeni hutangulia. Nilisahau, kwa sababu huku mgeni ni mimi."

"Basi nunua sufuria kubwa. Na Mwalimu atapakua. Mdomo wake umeshafanya kazi, sasa ni zamu ya mikono. Hamisi, mwache mtu alale."

"Mama, nyumba ile ni yangu."

"Na wewe ni wa nani?"

Kikao kikaisha.

Tangu Jumamosi iliyofuata wapita njia walikula kwanza, kisha tonge likapanda ukutani, kisha Daktari akala. Nilipakua mimi. Mama yule wa dumu aliniambia mbele ya watu kwamba mkono wangu ni mzito kwenye wali na mwepesi kwenye maharage. Nilichunguza, nikakuta ni kweli.

Nilichojifunza ni kifupi. Kunukuu sawasawa hakutoshi. Niliaminiwa msiba wa mtu nikaupeleka kwa fundi cherehani, na ukweli wake haukunipa ruhusa hiyo.

Mliowahi kuvuta ndege bustanini, karibuni mseme mliyoyaona. Ya shemeji zenu bakini nayo.

Daktari aliishi katika nyumba ile hadi mkataba wake wa kazi ulipokwisha, nikamsindikiza stesheni. Wapo wanaosema kunguru waliifuata treni hadi Uvinza. Mimi nilisimama pale mpaka behewa la mwisho likapotea. Sikuona kunguru hata mmoja.