Kibaba cha Mama na Bomba la Tatu

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Garsen, na kabla hujauliza, ndiyo, ni mwanamke. Wengi wamekuja kwangu wakiuliza fundi yuko wapi, na mimi niko mbele yao nimeshika nyundo. Nilianza na milango na madirisha, nikaingia kwenye mabomba ya pampu za mashamba ya kando ya mto, na huko ndiko nilikojifunza kukunja bomba bila kuliharibu.

Sifa za hayo mabomba zilimfikia kijana mmoja wa Hola, mpenda mashindano ya magari. Alikuja na gari lake dogo, akafungua boneti, akasema anataka heda. Heda ni yale mabomba yanayopokea moshi unapotoka kwenye injini, moja kwa kila silinda, kisha yanakutana chini kuwa bomba moja la ekzosi. Ile ya kiwandani ilikuwa chuma kizito, kifupi, moshi wa silinda zote nne unagombania njia humo ndani. Yeye alitaka mabomba manne ya urefu mmoja na upana mmoja, kila silinda ipumue kwa zamu yake na injini ipate nguvu.

"Fundi, utaweza kweli? Ama niende tu Mombasa?"

Hapo ndipo aliponichokoza. "Acha gari," nikamwambia.

Mama hakufurahi. Analima mpunga kijijini kwetu Idsowe, peke yake tangu baba alipofariki, na kwa muda mrefu alikuwa akiniomba nirudi tulishike shamba pamoja. Tukagombana, na kwa hasira zangu nikaropoka kwamba heda hii ikinishinda, nauza mashine ya welding na narudi shambani. Mama hakubishana. "Nimesikia," akasema. Jembe lake lilikuwa limepasuka shingo, nikamwambia aniletee nilichomelee. Akakataa. "Utalichomelea siku utakayokuja kulishika."

Basi nikaianza kazi, na karakana yangu yote sasa ikitegemea hayo mabomba manne.

Nilichora kwanza kwa waya. Kila waya niliutoa kwenye tundu la silinda yake, nikaukwepesha mti wa stelingi, nikauteremsha hadi mahali pa kukutana. Silinda ya mbali inataka bomba linyooke, ya karibu inataka bomba lizunguke kwanza ili urefu ulingane. Nilitupa nyaya nyingi kabla sijapata nne zilizokubaliana. Kisha nikachukua mabomba yenyewe, nikayajaza mchanga wa mto niliokausha kwenye sufuria, nikaushindilia, nikaziba ncha kwa vipande vya mti, nikapasha moto na kukunja polepole. Mchanga huo ndio unaozuia bomba lisibonyee kwenye kona.

Mawili ya kwanza yalitoka vizuri mpaka nikajisifu kwa sauti. La tatu nilikuwa nimechoka, mchanga sikuushindilia vya kutosha, na kona yake ikatoka na ubapa kidogo upande wa ndani. Niliuona. Nikapitisha kidole, nikajiambia upande huo utaelekea injini, nani atauchungulia? Nikaendelea na la nne.

Nikayashikiza yote manne kwenye bamba lake kwa nukta chache za welding. Uzi niliopitisha ndani ya kila moja ulisema urefu ni sawa. Ilibaki kujua kila bomba linabeba kiasi gani ndani, na maji yangevujia kwenye nukta. Mchele hauvuji. Nikampigia Mama anitumie mchele.

"Wa kupika?"

"Wa kupima mabomba, Mama."

Simu ikakatwa. Kesho yake asubuhi alishuka kwenye bodaboda yeye mwenyewe, na mfuko wa mchele, na kibaba chake, na lile jembe lililopasuka. Akaliegemeza mlangoni. Nilielewa kwamba amekuja kunichukua.

Kibaba hicho ni kopo kuukuu la bati analotembea nalo kila mahali, tangu muuza duka mmoja alipompimia unga kwa kibaba kilichobonyezwa kitako. Mama alimvua nguo mbele ya wateja wake, kwa maneno tu.

"Mchele wangu naupima mwenyewe," akasema.

Nikaziba matundu ya chini kwa vitambaa, naye akamimina. Bomba la kwanza lilimeza vibaba viwili na konzi mbili. La pili hivyo hivyo. La tatu lilijaa kwa vibaba viwili na konzi moja.

"Tikisa," nikasema. "Punje zimekaa vibaya."

Akatikisa, akagonga kwa kiganja, hakikuingia kitu. Akalipapasa bomba mpaka kwenye kona, mkono ukasimama pale pale nilipopitisha kidole changu. Akaniangalia.

"Hili limebonyezwa."

Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mama yangu, ambaye angenyamaza tu na kunirudisha Idsowe bila jasho, ananikamata kama alivyomkamata yule mwenye duka.

"Mbona umeniambia?" nikamuuliza. "Si ulikuja kunichukua?"

"Nilikuja nikiomba kazi ikushinde," akasema, akiurudisha mchele mfukoni. "Ikushinde. Sikuomba mtoto wangu apunje mtu. Kata hilo."

Nikalikata. Kijana wa Hola alipofika adhuhuri nilimwambia ukweli, arudi kesho. "Fundi, aki, unaniangusha," akalalamika, akataja Mombasa tena. Nikamwambia Mombasa haihami. Mchanga niliukausha upya, nikaujaza kwenye bomba jipya, nikaushindilia mpaka mikono ikafa ganzi, na nilipokunja sikuwa na haraka na mtu. Mama alilala kwangu. Asubuhi akapima tena: vibaba viwili na konzi mbili, mabomba yote manne. Akarudia la tatu mara ya pili, hakuniamini hata kidogo.

Nikachomelea, tukafunga, kijana akawasha. Nilikuwa nimezoea gari hilo likikohoa linapokanyagiwa mafuta. Safari hii lilinguruma moja kwa moja, bila kusita. Akalipeleka barabara ya Hola, akarudi anacheka peke yake ndani ya gari, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Nilitaka kupiga vigelegele.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameshafunga mfuko wake wa mchele. Alilitoa jembe mlangoni, akaliweka juu ya meza yangu ya kazi.

"Haya, fundi," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Nichomelee. Naona nitalishika mwenyewe."

Nikavaa miwani ya welding hata kabla sijawasha mashine, asiyaone macho yangu.