Cherehani Atangaza Fainali

Chuoni walimwita Cherehani. Baba yake alikuwa fundi nguo, na yeye mwenyewe akianza kusema hakuachi mpaka uzi uishe. Leo ni mwalimu wa hesabu, na darasa lake husikika mpaka barabarani. Lakini ukitaka kuona macho yake yanang'aa, muulize habari za redio ya chuo.

Redio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba, zamani stoo ya viti vibovu. Wanafunzi walikuwa wamebandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Feni ilizimwa kila mtangazaji alipofungua mdomo, kwa hiyo taarifa ya habari ilisomwa kwa jasho. Hakuna aliyelipwa hata nauli. Cherehani aliingia mwaka wa kwanza, akapewa matangazo ya vitu vilivyopotea: funguo, vitambulisho, ndala ya mguu wa kushoto. Aliyasoma kwa mbwembwe hata wasiopoteza kitu wakawa wanasikiliza.

Nyota wa redio alikuwa Baragumu, mtangazaji wa mpira. Siku ya fainali dhidi ya chuo jirani cha ualimu, mafua yalikuwa yamemkausha koo. Alifungua mdomo, ukatoka upepo tu, kama pampu ya baiskeli. Na waya ulikuwa umeshavutwa kutoka dirishani mpaka kando ya uwanja, mikrofoni iko mezani, timu zinapasha misuli.

"Basi tupige muziki," akasema mkuu wa kituo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyependa kushika kiuno.

"Muziki wa nini?" akadakia Cherehani. "Nipe mimi nitangaze."

"Wewe? Dada yangu, mpira si funguo zilizopotea."

"Wala mimi sitafuti funguo. Kaa hapo unisikilize. Nikiharibu, nizimie mitambo."

Mkuu akageuka kumtazama Baragumu. Baragumu hakuwa na sauti ya kubishana. Alivua hedifoni zake, akamvalisha Cherehani kichwani.

Jambo ambalo mkuu hakulijua ni kwamba baba yake Cherehani alipoteza uwezo wa kuona wakati binti yake akiwa bado shule ya msingi. Sindano aliiacha, mpira hakuuacha. Kila mwisho wa wiki Cherehani alimshika mkono, wakaenda kukaa kando ya uwanja, naye akawa macho ya baba yake.

"Usiniambie mpira umepigwa, mama," baba alimkanya mapema kabisa. "Mpira hupigwa kila siku. Niambie uko wapi, nani anao, na nani anamfukuza."

Mtu aliyelelewa hivyo utamtisha na mikrofoni?

Filimbi ikalia. Mwanzoni alimtaja mchezaji siye, mashabiki waliokuwa karibu wakamzomea. "Nimekosea, huyo ni mdogo wake," akasema bila kupepesa, "lawama mpelekeeni mama yao aliyewafananisha." Kicheko kikapasuka, na kuanzia hapo akawa amewashika. "Winga wetu yuko upande wa maktaba, mpira anao, beki wao mrefu anamjia... amempita! Beki amekaa chini kama anasubiri chai!" Jikoni wapishi wakaacha miiko. Mlinzi wa getini akaipandisha redio yake dirishani, wapita njia wakasimama.

Chuo chao kilikuwa nyuma kwa bao moja, dakika za mwisho, wakapata penalti. Nahodha akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya wa goli, ukaruka nje. Filimbi ya mwisho.

Mkuu wa kituo alinyoosha mkono kutaka kuzima mikrofoni. Cherehani akauzuia mkono wake.

"Tumefungwa," akasema taratibu kwenye mikrofoni. "Nahodha wetu amekaa chini, jezi ameivuta usoni. Wao wanashangilia. Lakini kipa wao ametoka golini peke yake, anakuja kwake, anamwinua."

Jioni alikwenda nyumbani, maana mawimbi ya redio yalifika mpaka mtaani kwao. Alimkuta baba yake kibarazani, redio magotini.

"Yule kipa," baba akauliza kabla hata ya salamu, "alimwinua kwa mkono mmoja au yote miwili?"

"Yote miwili, baba."

"Hilo hukulisema." Kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Mengine yote niliyaona."

Sauti ya Baragumu iliporudi, alimwita Cherehani mwenyewe: "Tukae wawili." Wakakaa wawili mpaka walipohitimu. Mkuu wa kituo alikuja kuomba radhi huku mikono bado iko kiunoni. Cherehani akamsamehe, akampa asome funguo zilizopotea kwa wiki nzima.

Watu humuuliza mbona hakubaki redioni, kana kwamba alianguka njiani.

"Hesabu niliipenda tangu zamani," huwajibu. "Redio niliitumikia kwa moyo, nikawafundisha wasichana wawili kushika kiti changu, nikaondoka bado nikitakiwa. Mnataka nini zaidi?"

Kisha huchukua chaki, huyo, akaingia darasani.