Kimea cha Binti Mwinjilisti

Yustina alikulia katika nyumba ambayo pombe haikutajwa kwa jina. Baba yake, Mwinjilisti Samweli, alihubiri upande wa Kiomboi kwa miaka ishirini na sita, na alipolazimika kuitaja aliita "maji yale". Basi Yustina alipoolewa na Damiani, Mnyaturu wa karibu na Sepuka, alikwenda na vyombo vyake, Biblia yake na msimamo wake. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, siku ya kwanza tu kwenye foleni ya maji aliwaambia wanawake wenzake, bila kuulizwa, kwamba chungu cha pombe ni chungu cha shetani. Nyuma yake alikuwa amesimama Klara, mpika pombe mashuhuri kuliko wote pale. Alijitwisha ndoo yake akaondoka, na mgongo wake ulisema ya kutosha.

Mwaka uliofuata mtama ulikubali. Yustina na Damiani walikuwa bado wanalala kwenye kibanda cha nyasi, lakini tembe lao lilikuwa limeshasimama kuta na boriti, na fito zimeshapangwa juu. Kilichobaki ni kupandisha udongo wa paa, kazi ya watu ishirini kwa siku nzima, na mvua haikuwa mbali. Damiani akaenda kwa balozi wa nyumba kumi kuomba watu. Balozi akasema watu watakuja bila shaka, kisha akauliza, kwa upole kabisa, ni nani atakayewapikia pombe.

Mama yake Damiani alikuwa amefariki, na dada zake wameolewa mbali. Damiani mwenyewe, katika mambo ya pombe, alikuwa anajua sehemu ya mwisho tu. Alimtazama mkewe, kisha akatazama paa lisilo na udongo. Yustina alikaa na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alisema atapika, kwa sababu hakuona andiko linalomtaka alale kwenye matope, ila hatamuuliza mtu yeyote. Alijua kupika uji, alijua kuchachusha unga. Pombe ingekuwa na ugumu gani?

Aliloweka mtama kwenye debe ili uote kimea, akauacha siku nne palepale majini. Siku ya nne Damiani alimuuliza kwa heshima kama kuna kitu kimekufa nyuma ya kibanda. Mara ya pili aliloweka mwingine, akauchuja vizuri, akautandaza juu ya gunia, nao ukachipua weupe wa kupendeza. Jumapili akaenda kanisani. Aliporudi, gunia lilikuwa tupu, na kuku wa nyumba tatu walikuwa wamejilaza kivulini, wameshiba hata hawakujisumbua kumkimbia.

Mtama aliokuwa ametenga kwa kazi hiyo ulibaki nusu. Jioni ile alijifunga khanga, akaenda kwa Klara, akamkuta anapepeta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti mwinjilisti. Umekuja kuniombea?"

"Nimekuja kuuliza kimea kinaoteshwaje."

Klara aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Yustina alisimama tu, maana hakukaribishwa kukaa, na muda wote alikuwa akiikumbuka foleni ile ya maji, neno kwa neno. Hatimaye Klara alisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa. Nitakufundisha. Lakini siku ikiiva utaionja wewe mwenyewe, mbele yangu. Sifundishi mtu kupika kitu anachoogopa kukiweka mdomoni."

Yustina akakubali. Ya foleni hayakutajwa, siku ile wala baadaye.

Walianza upya. Mtama ulilala majini usiku mmoja tu, ukachujwa, ukatandazwa juu ya majani na kufunikwa gunia bichi. Asubuhi na jioni Yustina aliunyunyizia maji. Siku ya tatu aliponyanyua pembe moja, mtama wote ulinyanyuka pamoja, mizizi imeshikana kama mkeka. Aliuanika juani akiwa amezungushia miiba, na bado akakaa karibu ameshika fimbo, akiwatazama kuku, na kuku wakimtazama. Kimea kilipokauka alikisaga, akatia unga wa mtama majini uchachuke kidogo.

Siku ya kupika, vyungu vitatu vya uji vilichemka kuanzia asubuhi, uji mzito wa kusimamisha mwiko. Ulipoiva tu Yustina alichota kimea, na Klara akamdaka mkono.

"Ukitia sasa umekiua. Chovya kidole. Ukiweza kukiacha humo ukahesabu mpaka tano, tia."

Mara ya kwanza aliishia mbili. Alikaa, akasubiri, akachovya tena, akaishia tatu. Jua lilikuwa linaelekea magharibi alipofika tano. Akatia kimea, akakoroga, na hapo likatokea jambo ambalo alilisimulia miaka mingi. Ule uji uliosimamisha mwiko ulianza kulegea. Ulilegea mpaka ukawa mwepesi kama maziwa, na hakuna aliyeongeza tone la maji. Yustina aliinama kutazama kama chungu kimepasuka. Klara akacheka mpaka akashika ukuta.

Ulikuwa mtamu kama asali. Klara akamwambia hiyo bado ni togwa, hata watoto wanapewa, akachota kibuyu kimoja cha watoto wake, akaichemsha ili isigeuke pombe. Iliyobaki waliifunika. Kesho yake chungu kilianza kutoa sauti ndogo, tsss, tsss, na Damiani alimkuta mkewe amepiga magoti, sikio limegusa chungu. Akadhani anasali, akarudi nje polepole.

Jumamosi alfajiri waliichuja. Klara akampa kata, akasimama mikono kiunoni. Yustina alifumba macho akanywa funda moja. Ilikuwa chachu, inachoma kidogo kooni, na juu yake kuna harufu ya mtama uliochomwa na jua. Alikunja uso, akafikiri, akanywa funda la pili ili kuwa na hakika. Klara akamnyang'anya kata.

Watu walikuja ishirini na watano. Udongo ulikuwa unapanda karai kwa karai, na mtungi wa kwanza umefika nusu, wakati Mwinjilisti Samweli alipotokea njiani akiwa na koti na mwavuli. Barua aliyoitanguliza haikuwahi kufika. Alisimama uani. Nyimbo zikafa, na mtu mmoja akaficha kibuyu chake ndani ya shati, kikammwagikia tumboni.

Yustina alikwenda akapiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini kwenye mitungi, mwanangu?"

Angeweza kusema togwa. Damiani alikuwa anamwonyesha kwa macho aseme togwa.

"Pombe, baba. Nimepika mimi."

Mzee alitazama mitungi, akatazama paa ambalo nusu yake ilikuwa bado anga, akatazama kibanda cha nyasi walimolala. Alivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi binti yake pamoja na mwavuli. Kisha akachukua karai. Alibeba udongo mpaka jioni akinywa maji ya kisima, na kwa kuwa hakuzoea kufanya kazi kimya alianzisha wimbo wa kanisani, na wanywaji wakaupokea kwa sauti nne, moja ikiwa imepotea kabisa. Klara alimpelekea togwa, na yeye aliimaliza bila kuuliza inatoka chungu gani.

Juu ya pombe yenyewe, wazee walitoa hukumu kwamba imechachuka kupita kiasi, wakaimaliza yote.

Jumapili alasiri, akisubiri basi barabarani, mwinjilisti alikohoa mara mbili. Akasema mama yake Yustina siku hizi hana hamu ya kula, na uji wa kawaida haushuki. Kama kimea kimebaki, hata kibaba kimoja, angekibeba.

"Kimebaki, baba. Nikufungie na maelezo?"

"Maelezo ninayo tangu zamani," alisema mzee, akitazama upande ule basi linakotokea.